Kuhifadhi data binafsi wakati wa kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji

Kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji ni kazi ya kuondoa programu kuu inayoendesha kompyuta, kama vile Windows, Linux au macOS, na kuiweka tena ikiwa mpya kabisa. Nchini Tanzania kazi hii hujulikana zaidi kwa jina la mtaani la "kupiga Windows". Siku hizi kwenye kompyuta nyingi haichukui hata saa moja. Hatari iko kwenye vitu vilivyokuwemo ndani ya kompyuta kabla ya kazi kuanza: picha za familia, alama za wanafunzi, hesabu za duka, tasnifu ambayo haijakabidhiwa chuoni. Mfumo wa uendeshaji hupatikana tena wakati wowote. Picha ya marehemu iliyokuwa kwenye diski moja tu haipatikani tena.

Sababu za kusakinisha upya

Sababu za kawaida ni kompyuta kuwa nzito, kushambuliwa na virusi, faili za mfumo kuharibika baada ya umeme kukatika ghafla, kubadilishwa kwa diski, au kuhamia toleo jipya. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Afrika Mashariki hazitimizi masharti hayo. Wenye nazo hubaki na Windows 10, huhamia Linux, au hulazimisha Windows 11 kwa njia zisizo rasmi.

Ifahamike kwamba uzito wa kompyuta si mara zote kosa la mfumo. Diski ya sumaku inayokaribia kufa nayo huifanya kompyuta iwe nzito, hasa ikiwa inatoa sauti ya kugonga au faili fulani zinakataa kufunguka. Kusakinisha upya kwenye diski ya namna hiyo ni kuongeza ugonjwa, kwa kuwa kazi yenyewe huilazimisha diski kusoma na kuandika kwa wingi. Diski ikionyesha dalili hizo, kazi ya kwanza ni kuokoa faili zenye thamani zaidi, zile ndogo zikitangulia, kisha kununua diski nyingine.

Mahali data inapokaa

Diski ya kompyuta inaweza kugawanywa katika sehemu ziitwazo patisheni. Kwenye Windows kila patisheni hupewa herufi: mfumo hukaa kwenye C, na mara nyingine kuna D kwa ajili ya faili za mtumiaji. Wengi huamini kwamba vitu vilivyo kwenye uso wa skrini, yaani Desktop, viko mahali pa peke yake, nje ya C. Sivyo. Desktop ni folda ya kawaida ndani ya folda ya mtumiaji, na folda ya mtumiaji iko kwenye C pamoja na mfumo. Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos nazo zimo humo. C ikifutwa, zote zinafutwa. Imani hii kuhusu Desktop huenda ndiyo iliyowapotezea watu faili nyingi kuliko virusi.

Kuhamishia faili kwenye D husaidia, lakini kinga yake ni ya nusu. Kwanza, D kwa kawaida ni sehemu ya diski ileile. Diski ikifa, C na D hufa pamoja. Pili, wakati wa kusakinisha, programu huonyesha orodha ya patisheni zote, na fundi mwenye haraka anaweza kuzifuta zote ili aanze na diski tupu. Orodha hiyo huonyesha namba na ukubwa, bila yale majina ya C na D yaliyozoeleka, kwa hiyo kosa ni rahisi.

Kwenye Linux faili za mtumiaji hukaa katika folda iitwayo /home, ambayo inaweza kuwekwa kwenye patisheni yake. Kwenye macOS hukaa katika folda ya Users.

Kinachotokea diski inapofomatiwa

Kufomati kwa haraka hakufuti data yenyewe. Kunachofanya ni kuandika upya orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Ni kama kuchana kurasa za yaliyomo katika kitabu: sura bado zipo, lakini hakuna anayejua zinaanzia wapi. Ndiyo maana programu za kuokoa data huweza kurudisha faili kutoka kwenye diski iliyofomatiwa, iwapo hakuna kitu kipya kilichoandikwa juu yake. Tatizo ni kwamba kusakinisha mfumo ni kuandika kitu kipya. Windows huandika GB nyingi mara baada ya kufomati, na sehemu zilizofunikwa hazirudi tena. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na hapo hakibaki kitu cha kuokoa.

Diski za kisasa za SSD ni kali zaidi. Faili likifutwa au patisheni ikifomatiwa, mfumo huiarifu SSD, kwa amri iitwayo TRIM, kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo SSD huisafisha yenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo ahadi ya "tutarudisha tu na programu" iliyokuwa na ukweli fulani zama za diski za sumaku, kwenye SSD haina msingi. Mtu aliyegundua kosa lake anapaswa kuzima kompyuta papo hapo, na asiendelee kuitumia huku akitafuta msaada.

Kutengeneza nakala ya akiba

Nakala ya akiba, ambayo mtaani huitwa bakapu, ni nakala ya faili iliyowekwa nje ya kompyuta inayofanyiwa kazi. Kanuni inayofahamika sana ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu za kila faili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa kawaida kanuni hiyo inaweza kutimizwa kwa kompyuta yenyewe, diski ya nje na hifadhi ya wingu, au flashi iliyowekwa kwa ndugu. Inapofika siku ya kusakinisha upya, nakala ya kwenye kompyuta inakwenda kufutwa, hivyo asiye na nakala mbili nje hubaki na moja tu kwa saa kadhaa. Flashi moja ya bei nafuu si mahali pa kuweka kazi ya miaka kumi kwa saa hizo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari anayeishi kata ya Utemini, Manispaa ya Singida, mwenye laptopu yenye data ya GB 60. Karibu GB 55 ni picha na video, nyingi za harusi na mahafali. GB 3 ni vitu vilivyopakuliwa ambavyo havihitaji tena. Alama, mitihani, maandalio ya masomo na barua za miaka yote havizidi GB 2. Akinakili vyote kwenye flashi ya kawaida inayoandika MB 10 kwa sekunde, atahitaji sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika 40. Kwenye diski ya nje ya USB 3.0 inayoandika MB 100 kwa sekunde, muda hushuka hadi dakika 10, ingawa maelfu ya faili ndogondogo hunakiliwa polepole kuliko video chache kubwa. Akitaka kupakia GB 60 kwenye wingu kwa mtandao wa simu wenye kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, kazi itachukua zaidi ya saa 26, mbali na gharama ya bando. Lakini zile GB 2 za nyaraka zitapanda kwa muda usiofika saa moja, na zinatosha katika akaunti ya bure ya Google, yenye nafasi ya GB 15 inayoshirikiwa na barua pepe za Gmail. OneDrive ya bure ina GB 5.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo hukwepa macho ya wengi: faili zenye thamani kubwa mara nyingi ndizo ndogo kuliko zote. Asiye na diski ya nje bado anaweza kuokoa nyaraka zake zote kwa mtandao wa simu, na picha akaziweka kwenye flashi mbili.

Flashi nyingi na baadhi ya diski za nje huja zikiwa zimefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Video ndefu ya harusi itakataliwa hata kama flashi ina nafasi ya GB 100, na ujumbe unaotokea huwafanya watu wadhani flashi ni mbovu. Suluhisho ni kuifomati flashi kwa mpangilio wa exFAT au NTFS kabla ya kuanza. Kufomati huko nako hufuta kilichomo kwenye flashi.

Baada ya kunakili, nakala ithibitishwe. Kulinganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa kwenye folda ya asili na folda ya nakala huchukua dakika moja. Kisha flashi itolewe kwa utaratibu, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na faili kadhaa za aina tofauti zifunguliwe: picha, hati ya Word, jedwali la Excel, video hadi mwisho wake. Sokoni zimo flashi bandia zinazojitangaza kuwa na GB 512 kumbe zina sehemu ndogo tu ya hizo. Hupokea faili zote bila kulalamika, zikaonyesha majina yote, lakini ndani hamna kitu. Kuhesabu faili peke yake hakugundui udanganyifu huo. Kuzifungua hugundua.

Kosa lingine hufanyika kwa kutumia flashi moja kwa kazi mbili. Flashi ya kusakinishia Windows inahitaji angalau GB 8, na programu zinazoitengeneza hufuta kila kitu kilichomo. Aliyeweka nakala yake ya pekee kwenye flashi, kisha akaigeuza flashi hiyohiyo kuwa ya kusakinishia, ameifuta kwa mkono wake mwenyewe kabla hata hajaigusa kompyuta.

Vitu vinavyosahaulika

Folda za Documents na Pictures hukumbukwa na kila mtu. Hasara nyingi hutokea mahali pasipoonekana.

Windows huficha folda iitwayo AppData ndani ya folda ya mtumiaji. Humo ndimo vivinjari vinapoweka alamisho, historia na nywila. Ndimo zinapokaa barua pepe za Thunderbird na maandishi ya Sticky Notes. Wasifu wa Firefox ukinakiliwa wote na kurudishwa kwenye mfumo mpya, nywila hurudi pamoja nao. Chrome haiko hivyo: kwenye Windows, nywila zake husimbwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows iliyokuwepo. Akaunti hiyo ikitoweka, folda iliyonakiliwa huwa na nywila zisizoweza kusomwa. Mwenye Chrome anapaswa kuwasha usawazishaji na akaunti yake ya Google, au kuzihamisha nywila ziwe faili mapema. Faili hilo huonyesha nywila zote waziwazi, kwa hiyo lisiachwe kwenye flashi inayozunguka mikononi mwa watu.

Barua pepe nazo zina tofauti yake. Anayesoma Gmail kwenye kivinjari hana cha kuhofia, kwa sababu barua ziko kwenye seva. Ofisi ndogo inayotumia Outlook kwa njia ya zamani ya POP huweza kuwa na barua zote ndani ya faili moja la PST kwenye kompyuta ile tu, huku seva ikiwa tayari imezifuta.

Programu za uhasibu na za maduka ya dawa huhifadhi kumbukumbu zao katika hifadhidata, mara nyingi nje ya folda za mtumiaji. Kunakili faili la hifadhidata wakati programu ikiwa wazi huweza kutoa nakala iliyovunjika. Njia sahihi ni kutumia amri ya kutengeneza nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe, kisha kulichukua faili linalotokea. Mwenye duka anayeuza mafuta ya alizeti kwa mkopo hujua majina ya wadaiwa wake kupitia faili hilo tu. Asipolipata, deni limekufa.

Hifadhi ya wingu nayo ina mtego wake. OneDrive inaweza kuonyesha faili kwenye folda kumbe faili lenyewe liko mtandaoni tu, likiwa na alama ndogo ya wingu. Na kinyume chake: mtu hudhani Desktop yake inapanda OneDrive, kumbe nafasi ya GB 5 ilijaa mwaka uliopita na kupakia kulisimama. Njia ya kujua ni kuingia kwenye tovuti ya huduma hiyo kwa kutumia simu na kuangalia kama faili la juzi lipo.

Mengine ni leseni za programu, fonti zilizoongezwa, na draiva ya kadi ya mtandao. Draiva hiyo ikikosekana, mfumo mpya hautaingia intaneti ili kupakua draiva nyingine. Leseni ya Windows haina shida kwa kompyuta iliyouzwa nayo: tangu Windows 8 ufunguo huandikwa kwenye bodi kuu, na tangu Windows 10 leseni hutambuliwa na seva za Microsoft. Mazungumzo ya WhatsApp ya kwenye kompyuta yapo pia kwenye simu, na hurudi kompyuta inapounganishwa upya.

Virusi vya flashi

Afrika Mashariki imezoea virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa "shotikati". Mtu huchomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari ili achapishe barua, na akirudi nyumbani hukuta folda zake zimekuwa vijifaili vya KB 1 au 2. Wengi huifomati flashi kwa hasira. Kwa kawaida faili bado zipo, ila virusi vimezificha kwa kuzipa sifa ya faili za mfumo. Kwenye dirisha la amri la Windows, flashi ikiwa na herufi E, amri ifuatayo huzifunua:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya hapo shotikati hufutwa, na faili zote zenye viishio vya .vbs, .lnk au .exe ambazo mwenyewe hazijui hufutwa pia. Jambo hili linahusu kusakinisha upya moja kwa moja, kwa sababu kompyuta inayosafishwa kutokana na virusi hujikuta imeambukizwa tena siku ileile na nakala yake ya akiba. Nakala ichukue hati, picha, sauti na video. Programu zisinakiliwe bali zipakuliwe upya. Flashi ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla faili la kwanza halijafunguliwa kwenye mfumo mpya.

Kompyuta isiyowaka

Windows ikishindwa kuwaka, haimaanishi kwamba data imepotea. Kuna njia mbili za kuifikia. Ya kwanza ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux inayofanya kazi bila kusakinishwa, kama Ubuntu au Linux Mint. Diski ya Windows huonekana kama folda, na faili hunakiliwa kwenda kwenye diski ya nje. Ikiwa Windows ilizimwa ikiwa katika hali ya kulala, Linux huifungua diski kwa kusoma tu. Kwa kunakili hilo linatosha. Katika menyu ya flashi hiyo lichaguliwe neno la kujaribu, na lile la kusakinisha liachwe.

Njia ya pili ni kuifungua kompyuta, kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya au kasha la USB. Njia hii ina faida ya ziada. Mwenye kompyuta anayenunua SSD mpya badala ya diski ya zamani anaweza kusakinisha mfumo kwenye SSD tupu, na diski ya zamani ikawekwa kwenye kasha bila kuguswa. Kila kitu kilichokuwepo, pamoja na vilivyosahaulika, kinabaki pale. Kati ya njia zote zinazoelezwa hapa, hii ndiyo salama zaidi, na pia ndiyo inayoongeza kasi ya laptopu kuukuu kuliko marekebisho mengine yoyote.

Diski zilizosimbwa

Kompyuta nyingi mpya husimba diski yao kwa mfumo wa BitLocker au usimbaji wa kifaa wa Windows, mara nyingine bila mwenyewe kujua. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024 liitwalo 24H2, usimbaji huo huwashwa wenyewe kwenye kompyuta zinazofaa mtumiaji akiingia na akaunti ya Microsoft wakati wa usakinishaji mpya. Diski iliyosimbwa ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine, au ikisomwa na Linux, huomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo fundi hawezi kufanya lolote, na asadikiwe akisema hivyo. Ufunguo huo kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na unapaswa kutafutwa na kuandikwa kwenye karatasi kabla kompyuta haijapelekwa kwa fundi. Ikiwa akaunti ilifunguliwa na aliyeiuza laptopu, ufunguo uko kwake.

Njia za kusakinisha bila kufuta faili

Windows 10 na 11 zina chaguo la kuiweka kompyuta upya huku faili za mtumiaji zikibaki. Programu zote zilizoongezwa huondolewa, na orodha yake huachwa kwenye Desktop. Ukisakinisha kwa flashi na kuchagua patisheni yenye Windows bila kuifomati, mfumo wa zamani pamoja na folda za watumiaji huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Folda hii si ghala: baada ya kupandisha toleo, Windows huifuta yenyewe kwa kawaida siku 10 baadaye, kwa hiyo faili zitolewe mapema.

Kwenye Linux, aliyeitenga /home huchagua mwenyewe patisheni wakati wa kusakinisha, akaifomati ile ya mfumo na kuiunganisha /home bila kuifomati, akitumia jina lilelile la mtumiaji. macOS ikisakinishwa kutoka kwenye eneo la urejeshaji bila kufuta diski kwanza huacha faili mahali pake, na programu yake ya Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, hutengeneza nakala za akiba kwenye diski ya nje.

Njia hizi zote hufanya kazi vizuri mara nyingi. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya nakala ya akiba, kwa kuwa zote hufanyika kwenye diski ileile yenye data, na umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna anayejua diski itabaki katika hali gani. Waliokuwa na kompyuta za mezani wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wanalifahamu hilo. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe na kifaa cha UPS, au kazi isubiri saa ambazo umeme huwa tulivu.

Diski ya nje yenye nakala ichomolewe kabla ya kuanza kusakinisha. Kwenye baadhi ya laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, programu ya kusakinishia haiioni diski ya ndani mpaka ipewe draiva maalumu. Diski pekee inayoonekana kwenye orodha huwa ni ile ya nje, na mtu anayebonyeza "endelea" bila kusoma husakinisha Windows juu ya nakala yake ya akiba.

Fundi na sheria

Katika miji kama Singida wengi huipeleka kompyuta kwa fundi au kwenye duka la steshenari. Swali la kawaida la fundi ni "Una kitu cha muhimu humu?" Jibu la "hapana, viko D" limewagharimu wengi. Ni bora mteja atengeneze nakala nyumbani, au ampe fundi orodha ya folda kwa maandishi na kuiona nakala ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuruhusu diski ifutwe. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, maana nalo humlinda. Pia inafaa kuuliza mfumo unaowekwa umetoka wapi. Nakala za Windows zinazozunguka kwenye flashi za mafundi pamoja na programu za kuvunja leseni huweza kuja na virusi vinavyoiba nywila tangu siku ya kwanza.

Mara nyingi fundi hunakili data ya mteja kwenye diski yake mwenyewe akiwa kazini, na nakala hiyo husahaulika hapo. Mteja ana haki ya kutaka ifutwe mbele yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye data ya mtu bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kuvuja, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 2019. Hivyo laptopu yenye alama za wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa haibebi data ya mwenyewe tu: shule au zahanati inawajibika kwa watu waliomo humo, na kuikabidhi dukani bila kuondoa kumbukumbu hizo ni uzembe hata pale ambapo hakuna baya lililotokea.

Kurejesha data

Mfumo mpya ukishawaka, kwanza huwekwa marekebisho ya usalama na kinga ya virusi, kisha programu, na faili hurudi mwisho. Faili zinakiliwe kutoka kwenye nakala ya akiba, zisihamishwe. Kuhamisha huondoa faili kwenye nakala huku mfumo mpya ukiwa haujajaribiwa. Folda ya AppData ya zamani isimwagwe yote juu ya mpya, bali kila programu irudishiwe sehemu yake. Faili zikikataa kufunguka kwa madai kwamba mtumiaji hana ruhusa, kwa kawaida ni kwa sababu bado zimeandikishwa kwa akaunti ya zamani, na mwenye mamlaka ya usimamizi anaweza kuzimilikisha upya kupitia sifa za folda.

Nakala ya akiba ibaki kama ilivyo kwa muda usiopungua muhula mmoja wa shule au mwezi mmoja wa hesabu. Faili lililosahaulika huwa halikumbukwi siku ya kusakinisha; hukumbukwa pale mkuu wa shule anapoomba matokeo ya mtihani wa nusu muhula uliopita.